Programu inajuaje pa kuazima? Maktaba za pamoja, kwa mfano wa ramani za Hanang

Ukitumia Linux kwa muda wa kutosha, ipo siku utakutana na ujumbe wa namna hii:

error while loading shared libraries: libproj.so.25: cannot open shared object file: No such file or directory

Kwa lugha ya kawaida mashine inakwambia hivi: programu hii inahitaji maktaba inayoitwa libproj.so.25, nimeitafuta kila mahali nilipoagizwa kutafuta, sijaiona, kwa hiyo siwezi kuiwasha. Ukiwa Dar es Salaam na intaneti nzuri, unashusha vifurushi upya na kuendelea na kazi. Ukiwa Katesh, Haydom au Dongobesh, bando limebaki MB 200 na programu yenyewe ni ya MB mia kadhaa, huwezi kujaribu jaribu tu. Lazima ujue mashine imetafuta wapi, na kwa mpangilio gani.

Nimechagua libproj kwa sababu. Maktaba hii ndiyo inayobadilisha majiranukta kutoka mfumo mmoja wa ramani kwenda mwingine, na programu ya kuchora ramani ya QGIS inaitegemea. Tarehe 3 Desemba 2023 maporomoko ya tope kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Tangu siku hiyo hakuna mtu Hanang anayehitaji kuelezwa kwa nini ni muhimu kujua nyumba ipi iko chini ya korongo lipi. Sasa, ramani nyingi za zamani za Tanzania zimepimwa kwa mfumo wa Arc 1960, wakati simu yako inatoa majiranukta ya WGS 84. Kwa eneo la Hanang, ukichanganya mifumo hii miwili bila kusahihisha, nukta inahama kwa takribani mita 300. Mita 300 kwenye mteremko zinatosha kuhamisha nyumba kutoka upande mmoja wa korongo hadi mwingine. Kazi ya kusahihisha pengo hilo ni ya libproj. Kwa hiyo swali la "ni libproj ipi iliyopakiwa?" si la mafundi peke yao.

Kwa nini tuazimane?

Fikiria kusaga mahindi. Zamani kila nyumba ilikuwa na jiwe lake la kusagia. Baadaye kijiji kikapata mashine moja, na kila mtu anabeba debe lake anakwenda. Faida iko wazi: gharama ni moja, na fundi akirekebisha mashine, unga wa kijiji kizima unakuwa mzuri siku hiyo hiyo. Hasara nayo iko wazi: mashine ikiharibika, au mwenye nia mbaya akiichezea, kijiji kizima kinaathirika.

Programu zina njia hizo hizo mbili. Njia ya kwanza ni kila programu kubeba nakala yake ya kila kitu: namna ya kusoma faili, kubana data, kukokotoa ramani. Inakuwa nzito lakini haimtegemei mtu. Njia ya pili ni kuweka kazi hizo kwenye faili moja, yaani maktaba ya pamoja, na programu zote zikaazima humo. SunOS 4.0 ilikuja na mpango wa aina hii mwaka 1988, na Linux ilifuata njia hiyo kwa ukamilifu ilipohamia muundo wa faili wa ELF katikati ya miaka ya 1990. Kwenye Linux maktaba hizi huwa na herufi .so kwenye jina, na kwenye Windows huishia na .dll.

Akiba yenyewe si ya diski tu. Programu 50 zikitumia maktaba moja, sehemu ya maelekezo ya maktaba hiyo inakaa mara moja tu kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na zote 50 zinaisoma pale pale. Kwa laptopu kuukuu yenye RAM ya GB 2 au 4, kama zile zinazoletwa mashuleni, hiyo ni tofauti ya mashine kufanya kazi au kuganda.

Safari ya utafutaji

Ukibofya programu, wa kwanza kuamka ni keneli, moyo wa mfumo endeshi. Wengi hudhani keneli ndiyo inayotafuta maktaba. Kumbe hapana. Keneli inafungua faili la programu, inasoma ndani yake mstari mmoja unaosema "nikabidhi kwa huyu", kisha inampakia huyo na kumwachia usukani. Kwenye kompyuta nyingi za kawaida huyo ni:

/lib64/ld-linux-x86-64.so.2

Tumwite kipakiaji. Kipakiaji kinasoma orodha ya mahitaji iliyoandikwa ndani ya programu. Orodha hiyo ina majina tu. Haisemi maktaba iko wapi, inasema "nahitaji libproj.so.25, nahitaji libgdal, nahitaji libc.so.6". Kila maktaba ikipatikana, nayo inaulizwa: na wewe unahitaji nini? Hivyo mlolongo unarefuka. QGIS inaita maktaba zake, hizo zinaita libgdal, libgdal inaita nyingine kadhaa, mpaka orodha nzima iishe.

Kwa kila jina, kipakiaji kinapita sehemu hizi, kwa mpangilio huu:

1. Anwani iliyoandikwa ndani ya programu kwa mtindo wa zamani, inayoitwa RPATH, iwapo ule mtindo mpya wa RUNPATH haupo.
2. Folda ulizozitaja wewe mtumiaji kwenye LD_LIBRARY_PATH.
3. Anwani iliyoandikwa ndani ya programu kwa mtindo mpya, yaani RUNPATH.
4. Daftari la mfumo, /etc/ld.so.cache.
5. Folda za kawaida, /lib na /usr/lib, au /lib64 na /usr/lib64 kwa baadhi ya mifumo.

Kanuni ni moja: ya kwanza kupatikana yenye jina hilo, na iliyotengenezwa kwa aina hiyo ya kompyuta, ndiyo inayotumika. Kipakiaji hakilinganishi ili kupata iliyo bora zaidi. Hakikagui kama ni mpya, kama ni salama, wala aliyeiweka pale ni nani. Kinauliza jina tu. Mambo mengi yanayowachanganya watu kuhusu maktaba za pamoja yanatokana na hapa.

Namba ya nne, lile daftari, linahitaji neno la ziada. Kupekua folda zote kila programu inapowaka kungechelewesha mambo, kwa hiyo amri ya ldconfig hupita mapema na kuandika kwenye daftari kila maktaba na mahali ilipo. Ndiyo maana unaweza kuweka maktaba kwenye folda iliyosajiliwa, kwa mfano /usr/local/lib, na bado mashine ikasema haioni. Faili lipo, daftari halijui. Ukiandika sudo ldconfig, daftari linaandikwa upya na tatizo linaisha.

Namba kwenye jina ni ahadi

Turudi kwenye ile libproj.so.25. Hiyo 25 si pambo. Ni ahadi ya watengenezaji kwamba kila maktaba yenye namba hiyo inapokea na kurudisha vitu kwa umbo lile lile. Wakibadilisha umbo hilo, wanabadilisha namba. Ubuntu 20.04 ilikuja na libproj.so.15, Debian 11 na libproj.so.19, Ubuntu 22.04 na libproj.so.22, na Debian 12 na libproj.so.25.

Sasa tuseme rafiki yako ana Debian 12, umekopi folda la programu yake ya ramani kwa flashi ukalileta kwenye Ubuntu 22.04 yako. Programu inadai 25, wewe unayo 22. Ujumbe wa makosa unatokea.

Kuna ujanja unaosambaa sana mitandaoni: tengeneza jina la bandia, yaani kiungo kinachoitwa libproj.so.25 kinachoelekeza kwenye libproj.so.22. Kwa kuwa kipakiaji kinaangalia jina tu, kinakubali, na ujumbe wa makosa unapotea. Lakini umefanya nini hapo? Umeichukua ahadi ya mtu mwingine ukaisaini wewe. Kama kazi fulani imebadilisha mpangilio wa taarifa inazopokea kati ya toleo moja na jingine, programu inaweza kuzima katikati ya kazi. Ikizima, una bahati. Kibaya zaidi ni iendelee na kukupa namba zisizo sahihi. Kwenye mchezo wa kompyuta hilo ni usumbufu. Kwenye ramani ya mteremko unaokaliwa na watu ni jambo jingine kabisa.

Ujumbe unaokataa kuwasha programu, pamoja na kero yake, unafanya kazi ya mlinzi. Usimfukuze kabla hujamuuliza anazuia nini.

Mkwaju ambao kwa Kiiraqw ni herufi

Hapa kuna jambo ambalo msomaji wa Mbulu ataliona haraka kuliko wa kwingine. Katika tahajia inayotumika kuandika Kiiraqw, alama ya mkwaju, yaani /, ni herufi. Inawakilisha sauti ya kooni ambayo Kiswahili hakina. Neno la mwanamke, kwa mfano, huandikwa /ameeni.

Kwenye Linux mkwaju una kazi nyingine: unatenganisha folda na folda. Jina la faili haliruhusiwi kuwa nao ndani. Ukijaribu kuhifadhi orodha ya maneno kwa jina /ameeni.txt, mfumo haukuelewi kwamba unaandika neno. Unaelewa kwamba unataka faili liitwalo ameeni.txt lililo kwenye folda kuu ya diski, mahali ambapo kwa kawaida mtumiaji haruhusiwi kuandika. Anayekusanya msamiati au rekodi za Kiiraqw kwenye kompyuta inambidi atafute njia ya kuizunguka, kama vile kutumia ʕ, alama ya wanaisimu kwa sauti hiyo hiyo, kwenye majina ya mafaili.

Kipakiaji nacho kinautazama mkwaju kwa namna hiyo. Jina la maktaba likiwa halina mkwaju, kinapita zile sehemu tano. Likiwa na mkwaju, hakitafuti kabisa: kinalichukulia kuwa ni anwani, kinaenda pale pale, na kisipoikuta kinagoma. Alama moja inaamua kama utafutaji utafanyika au la. Tutaihitaji tena muda si mrefu.

Baada ya kupatikana, kuunganishwa

Kuipata maktaba si mwisho. Programu iliandikwa bila kujua maktaba itakaa wapi kwenye kumbukumbu, na siku hizi kila inapowaka inawekwa mahali tofauti kwa makusudi, ili wavamizi wasibahatishe. Kwa hiyo ndani ya programu kuna jedwali lenye nafasi tupu: kazi fulani iko anwani ___, nyingine iko anwani ___. Kipakiaji ndicho kinachojaza.

Zamani kilijaza kidogo kidogo. Nafasi ilijazwa mara ya kwanza kazi husika ilipoitwa, ili programu iwake haraka. Siku hizi mifumo mingi inajaza jedwali zima mwanzoni, kisha inalifunga lisiandikwe tena, ili mtu asije akabadilisha anwani programu ikiwa inaendelea. Kumbuka huo muda mfupi kabla jedwali halijafungwa.

Kurekebisha ukiwa mbali na intaneti

Mwanzoni nilisema kujaribu jaribu kunakula bando. Hizi amri hazili bando hata kidogo. Ya kwanza inaonyesha programu inadai maktaba gani:

readelf -d jina_la_programu

Angalia mistari yenye neno NEEDED. Kuna amri nyingine maarufu ya ldd, ambayo inaonyesha pia kila maktaba imepatikana wapi, lakini usiitumie kwa programu usiyoiamini, kwa sababu katika hali fulani inaweza kuiendesha programu yenyewe. Ya pili inasoma lile daftari:

ldconfig -p | grep proj

Ya tatu ndiyo tamu kuliko zote. Inamfanya kipakiaji aseme kwa sauti kila mahali anapopita:

LD_DEBUG=libs ./jina_la_programu

Utaona mstari kwa mstari: natafuta libproj.so.25, naangalia daftari, najaribu faili hili, najaribu lile. Ukisoma hayo kwa dakika tano utajua kama maktaba haipo kabisa, au ipo ila daftari halijui, au kuna nakala nyingine inayotangulia kwenye foleni. Ile ya mwisho hutokea sana kwa watu waliofunga programu mbili za ramani kwenye mashine moja, kila moja ikiwa na libproj yake.

Kama kweli haipo, dawa ni kuleta vifurushi vya toleo lako mwenyewe, si vya rafiki. Kwenye mashine isiyo na intaneti, iwapo ina orodha ya vifurushi isiyo ya zamani sana, andika:

apt-get install --print-uris -y qgis > orodha.txt

Haitashusha chochote. Itaandika anwani za vifurushi vyote unavyopungukiwa, hivyo tu, pamoja na ukubwa wa kila kimoja. Weka faili hilo kwenye flashi, siku unayokwenda Babati au popote penye mtandao wa uhakika shusha vilivyoorodheshwa, rudi navyo kwenye folda moja, kisha:

sudo apt install ./*.deb

Umeuona mkwaju? Bila ule ./ mwanzoni, apt ingedhani umetaja majina ya vifurushi na kwenda kuvitafuta kwenye orodha zake. Mkwaju unaiambia: usitafute, faili ni hili hapa.

Ujumbe mmoja zaidi unaostahili kutajwa. Wakati mwingine mfumo unasema faili halipo, na wewe unaliona kwa macho yako kwenye folda. Mara nyingi kinachokosekana si programu bali kipakiaji kilichotajwa ndani yake, kwa mfano programu ya biti 32 kwenye mfumo wa biti 64 pekee. Keneli inashindwa kumpata wa kumkabidhi usukani, na inalalamika kwa maneno yale yale.

Nani anaaminiwa?

Kwenye Android mambo yamepangwa kwa tahadhari zaidi. Programu nyingi hubeba maktaba zake ndani ya kifurushi, na tangu Android 7 ya mwaka 2016 haziruhusiwi kuazima maktaba za ndani za mfumo zisizo kwenye orodha rasmi. Ni kama kurudi kwenye jiwe la nyumbani, na ni sababu mojawapo ya programu za simu kuwa nzito kuzishusha.

Linux nayo ina tahadhari zake. Programu zinazopewa mamlaka makubwa kuliko aliyeziwasha, kama ile ya kubadilisha nywila, hazisikilizi LD_LIBRARY_PATH. Zingeisikiliza, mtu yeyote angeweka maktaba yake yenye jina sahihi kwenye folda lake na kupewa mashine nzima.

Lakini tukio la Machi 2024 lilionyesha kwamba foleni inaweza kuwa sawa, jina sawa, mahali sawa, na bado maktaba ikawa na sumu. Matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data, yalifichwa mlango wa siri ndani ya maktaba ya liblzma. Aliyeufichua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, tarehe 29 Machi. Aliona kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, akafuatilia.

Cha kushangaza, programu ya OpenSSH yenyewe haiihitaji liblzma. Ila baadhi ya mifumo, ikiwemo ya familia za Debian na Red Hat, ilikuwa imeiongezea maktaba ya libsystemd, na libsystemd ilikuwa inaita liblzma. Mlolongo ule ule tuliouona kwa QGIS: wa kwanza anamwita wa pili, wa pili anamleta wa tatu ambaye hukumwalika. Na sumu ilifanya kazi yake katika ule muda mfupi ambao jedwali la anwani halijafungwa, ikabadilisha anwani ya kazi ya kuhakiki funguo ielekee kwake. Bahati nzuri, matoleo hayo yalikuwa yamefika zaidi kwenye mifumo ya majaribio, hayajaenea kwenye seva nyingi za kazi.

Mashine ya kijiji inaokoa gharama, na hatuna sababu ya kurudi kila mtu kwenye jiwe lake. Kinachotakiwa ni watu wa kutosha wanaojua kuifungua na kuangalia ndani. Freund hakuwa na kifaa cha ajabu. Alikuwa na saa, na tabia ya kuuliza kwa nini. Wewe una readelf, ldconfig na LD_DEBUG, na hakuna hata moja kati ya hizo inayohitaji bando. Kabla hujamkabidhi mwenyekiti wa kijiji ramani inayosema nani yuko salama na nani ahame, dakika tano za kujua ni libproj ipi iliyochora mistari hiyo si nyingi.